Sinki la Mama Niwaeli

Mtu mmoja alikuwa na mama mzazi aliyeosha vyombo kwa kuinama. Kwao kulikuwa juu milimani, kule ambako ukungu unaamka kabla ya watu na migomba inadondosha maji mpaka karibu na adhuhuri. Mtu huyo aliitwa Niwaeli. Mama yake aliitwa Mama Niwaeli, maana kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linaachwa kwa yule aliyembatiza, yeye anaitwa kwa mwanawe.

Mama huyu aliosha vyombo uani, kwenye beseni la bati, miguu imepanuka, mgongo umekunjwa, uso juu ya maji ya mafuta. Aliosha hivyo tangu aolewe. Aliosha sufuria za mumewe mpaka mume akafa. Aliosha sahani za watoto mpaka watoto wakaondoka, isipokuwa huyo mmoja. Kijiji kilipopata msiba ndiye aliyeitwa kwenye yale masufuria makubwa, ambayo unaingiza mkono mpaka kwapani na ukoko bado uko chini unakungoja. Maji machafu aliyamwaga kwenye shina la mgomba, akarudi, akainama tena. Mwisho mgongo ukakataa kunyooka. Akitembea njiani ungedhani anatafuta sindano aliyoiangusha. Na vidole vikamvimba kwenye viungo, vikawa kama tangawizi.

Niwaeli aliyaona hayo. Sisemi kwamba hakuyaona. Hii siyo habari ya mtoto mbaya. Habari za watoto wabaya mnazipenda, kwa sababu mkizisikia mnatikisa vichwa na kurudi nyumbani mmeshiba. Huyu alikuwa mtoto mwema. Biashara yake ya mbao ilipokaa sawa, akaanza kujenga nyumba ya matofali mbele ya ile ya zamani, na siku ya kumwaga zege alisema mbele ya mafundi na majirani, "Mama, jiko la nyumba hii ni lako. Nakuwekea sinki. Utaosha vyombo umesimama wima kama watu."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Kusimama wima nilishasahau, mwanangu. Lakini weka. Pengine nitakumbuka."

Watu wakapiga makofi. Na kweli lilikuwa jambo la kupigiwa makofi. Nyumba nzima ile, kama ungeuliza kwa nini ina jiko la ndani, jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limesimama pale limeinama.

Basi jiko lilipofika kwenye kupigwa plasta, mama akachana ukamba wa mgomba. Kwetu mtu anapimwa kwa ukamba wa mgomba. Kitanda kinapimwa hivyo, mlango unapimwa hivyo, na kuna kitu kingine kinachopimwa hivyo ambacho tutakifikia. Akasimama penye mwimo wa mlango, kadiri alivyoweza kusimama. Akakanyaga ncha moja kwa kisigino, akauvuta ukamba mpaka kwenye kiwiko, akafunga fundo. Akampa mwanawe. "Mwambie fundi, ukingo wa sinki usipite fundo hili. Ukipita, mimi siyo mwenye sinki tena. Nitakuwa mtalii." Niwaeli akacheka, akautia mfukoni.

Siku ya kwenda mjini kununua, mama aliamka mapema kuliko ukungu. Akavaa kitenge cha kanisani na viatu vya raba, akakaa kwenye ngazi na kikapu magotini. Gari likaja. Mbele alikaa Nakunda, mke wa Niwaeli. Nyuma alikaa mke wa mwalimu mkuu, ambaye alijua majiko ya kisasa kwa sababu aliwahi kuyaona kwa dada yake, na pembeni yake kulikuwa na mizigo yake, nayo ilikuwa mingi kama ya mtu anayehama. Niwaeli akatazama kiti, akamtazama mama. Akasema, "Mama, huko bondeni kuna joto, na kutembea ni kwingi. Tuachie sisi. Kipimo chako ninacho." Akajipiga mfukoni ili mama asikie.

Hakudanganya. Kipimo alikuwa nacho.

Mama akaingia ndani akavua kitenge. Kilikuwa hakijakunjika hata kidogo.

Dukani walikuta masinki yamepangwa ukutani kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Lilikuwapo la chuma kisichoshika kutu, bakuli lake refu, unaweza kulilaza sufuria la ubwabwa ndani, na ubavuni lina ubao wa kuchujia vyombo. Muuzaji akalionyesha pamoja na bomba lake. Bomba lilikuwa na mkono mmoja mrefu. Unausukuma tu, hata kwa kiwiko, na maji yanatoka. Niwaeli akausukuma kwa kiwiko. Akausukuma tena. Akasema, "Hili mama angeliweza."

Mke wa mwalimu mkuu akasema, "Hilo si kama la zahanati? Yanawekwa pale daktari anaponawa."

Nakunda akacheka. "Mimi napikia watu, sichomi sindano."

Muuzaji naye akacheka, kwa kuwa yeye kazi yake ni kucheka na mwenye pochi. Akawapeleka kwenye jingine. Hilo lilikuwa la kauri, jeupe kama maziwa, pana, lakini kina chake kifupi. Halizamishwi kwenye kaunta. Linakaa juu yake, kama chungu juu ya mafiga. Na mabomba yake yalikuwa mawili, ya rangi ya dhahabu, yenye vishikio vya mviringo vinavyozungushwa, vidogo, laini, vinateleza kama yai lililomenywa. Nakunda alikishika kimoja, hakukiachia. Alikuwa mwanamke aliyekulia nyumba ya udongo, na katika maisha yake hakuwahi kuulizwa anataka kitu gani akajibu. Msimlaumu yeye peke yake. Najua mnavyopenda mkamwana alaumiwe, mambo yanakuwa mepesi. Ila yeye hakutoa ahadi siku ya zege. Aliyetoa ahadi alikuwa amesimama pale na ukamba mfukoni.

Niwaeli akasema, "Hili litakuwa juu sana kwa mama."

"Mama atazoea," akasema Nakunda, wala hakusema kwa ubaya.

"Na hivi vya kuzungusha, na vidole vyake vile?"

"Mama atazoea," akasema mke wa mwalimu mkuu.

 Niwaeli akalisema na yeye, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, "Ni kweli. Mama atazoea."

Wakanunua.

Sasa sikilizeni hapa, na mwenye kusinzia aamshwe na jirani yake. Hakuna saa hata moja ambapo watu wale watatu walikaa chini wakasema, tumtoe mama kwenye sinki lake. Wangesikia mtu akisema hivyo wangemfukuza. Walichagua tu. Walichagua weupe, mama akarudi nyuma kidogo. Wakachagua urefu, akarudi tena. Wakachagua vishikio. Kila walichochagua kilikuwa kizuri, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake. Walipomaliza kuchagua, sinki lilikuwa limekamilika na mama hakuwemo.

Wakati wa kupakia, boksi la mabomba ya dhahabu likawa halina cha kulifungia, na barabara ya mlimani ina mashimo. Niwaeli akajipapasa mifukoni. Akatoa ukamba wa mgomba, akalifunga boksi barabara, fundo juu ya fundo. Ulishika vizuri. Boksi lilifika bila hata mkwaruzo. Ukamba ukakatwa kwa kisu, ukatupwa.

Fundi akaliweka sinki chini ya dirisha linalotazama uani. Siku ya kufungua maji wakamwita mama. Kaunta ilimfika kifuani, na sinki lenyewe likamfika kidevuni. Akainua mikono kama mtu anayekabidhi mtoto dirishani. Akajaribu kuzungusha kishikio, vidole vikateleza. Akajifuta, akajaribu tena, vikateleza. Nakunda akamfungulia. Maji yakatoka, yakamwingia mikononi, yakashuka ndani ya mikono ya blauzi mpaka kwapani, mama akalowa kifua chote. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Niwaeli akasema, "Utazoea, mama."

Alijaribu kuzoea. Huyu hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alileta kigoda, akapanda juu yake, akaosha hivyo siku kadhaa, akiita, "Mkwe wangu, nifungulie," na "Mkwe wangu, nifungie." Nakunda akafungua na kufunga. Baadaye akawa anakuja akichelewa. Baadaye akawa anakuja akiwa amefunga mdomo. Kigoda nacho kikachora vigae vya sakafuni, kikatolewa nje.

Kisha kukawa na habari ya sufuria la makande. Lilikuwa limeungua. Mama aliliingiza lote kwenye sinki, akalisugua kwa majivu na steliwaya, kama alivyosugua miaka yote. Sufuria likatakata. Kwenye ule weupe wa sinki ukabaki mchoro mweusi, mrefu kama kidole. Nakunda alipouona alilia. Alilia machozi ya kweli, kama mtu aliyefiwa na kifaranga. Niwaeli akarudi kutoka kazini akamkuta mkewe analia na mama amekaa kwenye kona amekunja mikono yenye masizi.

Akaamua. Alisema kwa upole sana, huku ameshika bega la mama. "Mama, vyombo vyenye masizi uwe unaanzia kule nje. Ukishavitakatisha, ndiyo uvilete humu tuvisuuze."

Mama akamtazama. Akasema, "Haya, baba." Alimwita baba, kama mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wanapowabembeleza wakiwa wadogo. Akachukua beseni lake la bati nyuma ya banda, akalipiga chini litoke buibui, akainama.

Tangu hapo sinki lilioshewa vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Vikombe vya wageni viliingia mle vikiwa visafi, vikatoka vikiwa visafi. Lilikaa jeupe, na kwenye ule mchoro kiliwekwa kipande cha sabuni ili usionekane. Wageni wakija walipelekwa kulitazama kabla hawajapewa kiti. Niwaeli aliwaambia, "Hili nimemjengea mama," na alilisema akiliamini. Nakunda akisuuza vikombe anaona mgongo wa mama mkwe pale uani, kupitia dirishani, wakati wa jua na wakati wa ukungu. Siku za mwanzo alikuwa akitazama pembeni. Baadaye hakuhitaji kutazama pembeni. Ukikiona kitu kila siku kinakuwa sehemu ya ukuta.

Jumapili moja Niwaeli alisimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu aliyemwezesha kumwondoa mama yake kwenye beseni. Watu wakaitika amina. Mama alikuwa benchi la nyuma, kanga yake bado imelowa upindo kwa sababu alikuwa ameosha vyombo vya chai kabla ya kuja. Na yeye akaitika amina. Mlitaka afanye nini, anyanyue mkono?

Msimu wa baridi ukaja. Ule ukungu wa mlimani ukashuka mpaka ndani ya vyombo. Mama akashikwa na kifua. Alikohoa akiwa ameinama, na kukohoa umeinama ni kukohoa mara mbili. Akaosha leo, akaosha kesho, keshokutwa akashindwa kunyanyuka kitandani. Akafa. Siwezi kusimama hapa nikasema sinki lilimuua. Sinki haliui mtu. Alikufa kifo cha wazee, kifua na baridi, na tungeweza kuishia hapo tukaenda zetu.

Lakini seremala aliyetengeneza jeneza akatuma neno: nileteeni kipimo.

Niwaeli akachana ukamba wa mgomba. Mama alikuwa ameshanyooshwa na wanawake waliomwosha. Walimnyoosha wakati bado ana joto, taratibu, mmoja kifuani na mmoja magotini, na mgongo ule uliokataa miaka yote ukakubali. Siku hiyo ndipo aliponyooka. Mtoto wake akashika ncha moja kisiginoni, akauvuta ukamba mpaka utosini, akafunga fundo. Alipofunga lile fundo mikono yake ilisimama. Waliokuwepo walidhani ni uchungu wa kawaida. Akautia ukamba mfukoni, akaupeleka yeye mwenyewe, akasimama pale seremala anakata mbao, hakuondoka. Seremala hakuzidisha fundo wala hakulipunguza. Ilikuwa mara ya kwanza kipimo cha mama yule kufuatwa.

Siku ya maziko mvua ilinyesha ile mvua nyembamba isiyokoma. Kwetu msibani wanawake wa kijiji ndio wanaopika na wanaoosha, na masufuria makubwa ya kanisa yaliletwa, yale yale ambayo marehemu aliyaosha kwenye misiba ya wengine. Watu walikula, wakaenda makaburini, masufuria yakabaki uani na ukoko wake, meusi chini kama usiku. Wanawake wakajifunga kanga.

Nakunda akafungua mlango wa jiko la ndani. Aliufungua wote. Macho yake yalikuwa mekundu, na nasema tena kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. "Mama zangu, mvua hiyo itawaua. Ingieni humu. Maji yapo, sinki lipo. Leteni yote, na yenye masizi leteni. Likichubuka lichubuke."

Wanawake wakasimama na masufuria yao. Walioko mbele wakachungulia ndani. Sinki lilikuwa pale, jeupe, na mabomba yake ya dhahabu. Mama Sifaeli, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee kuliko wote waliokuwepo, aliweka sufuria chini akanyoosha kiuno kwanza.

"Mwanangu," akasema, "marehemu alikuwa akioshea wapi?"

 Nakunda akatazama uani, mahali ambapo ardhi imekanyagwa ikawa ngumu kama saruji, na beseni la bati limefunikwa.

"Basi hapo hapo na sisi," akasema Mama Sifaeli.

Akalibeba sufuria lake akaenda. Wengine wakamfuata, hata wasichana waliovaa viatu vya kuazima. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyesonya. Wakalifunua beseni, wakatandaza masufuria kwenye tope, wakainama wote, mvua inawapiga migongoni. Nakunda alibaki mlangoni na kitambaa kikavu mkononi. Baada ya muda akakiweka juu ya kaunta, akatoka. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Akatafuta nafasi mwishoni, akainama.

Wanaume wakarudi kutoka makaburini. Niwaeli alikuwa na udongo mikononi, ule mwekundu wa kwetu unaoingia kwenye kucha. Akaingia jikoni kunawa. Akaweka kidole kwenye kishikio cha dhahabu, na kidole chenye udongo kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza. Ndipo akainua macho, akaona kupitia dirishani. Uani kulijaa migongo. Nyuso hazikuonekana, ni migongo tu imekunjwa kwenye mvua, na kutoka pale alipokuwa amesimama, kila mmoja ulikuwa wa mama yake.

Akasimama hapo wima, kama watu, mbele ya sinki lililomfaa kimo chake kabisa.

Wameniambia kwamba sinki lile bado lipo na bado linang'aa, na wageni bado wanaonyeshwa, ila mwenye nyumba siku hizi hasemi lilijengwa kwa ajili ya nani. Mimi sikuja hapa kuwahukumu watu wale. Nimekuja kuwauliza nyinyi, mliojenga vitu vikubwa kwa jina la mtu fulani na mkapigiwa makofi: mwenye jina hilo leo ameinama wapi, na dirisha lenu linatazama upande gani?